Ubao hauna harufu, lakini je, ni safi?

Mtu akiumwa na tumbo baada ya kula chakula kizuri, lawama huwa na mahali pake pa kawaida. Samaki alikuwa amelala. Tui lilikuwa limechacha. Maji yalikuwa ya kisima. Ni nadra sana kumsikia mtu akisema kwamba makosa yalikuwa ya ubao wa kukatia. Hata hivyo, katika jiko zima hakuna chombo kinachokutana na vyakula vingi kama huo. Asubuhi huwekewa samaki mbichi, baadaye kuku, na ifikapo adhuhuri juu yake hukatwa nyanya, vitunguu na pilipili za kachumbari ambayo haitapita motoni kamwe.

Hapo ndipo penye hatari, na inafaa msomaji aielewe vizuri kabla ya kununua dawa yoyote. Samaki mbichi au kuku mbichi karibu kila mara huwa na viini fulani. Hilo peke yake si la kutisha, kwa kuwa nyama hiyo itaingia sufuriani au kwenye makaa na viini vitakufa kwa moto. Lakini vile vilivyobaki ubaoni havikuingia sufuriani. Vinangoja. Kitakachofuata kukatwa hapo ndicho kitakachovibeba, na ikiwa kitu hicho huliwa kibichi, basi viini hivyo vitafika tumboni vikiwa hai. Kwa hivyo mara nyingi anayemshuku samaki aliyeiva vizuri humwonea bure. Angeangalia upande wa bakuli la kachumbari.

Maradhi yatokanayo na chakula si jambo dogo. Mnamo 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 kote duniani huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kilichochafuka, na kwamba 420,000 kati yao hufariki. Bara la Afrika ndilo lililoonekana kuumia zaidi kulingana na idadi ya watu wake, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio walioathirika kupita wengine. Si yote hayo ni kwa sababu ya ubao, bila shaka. Lakini ubao ni mahali ambapo mpishi mwenyewe anaweza kuchukua hatua leo bila kungoja serikali ya kaunti wala shirika la maji.

Kwa nini tunaitaja Lamu

Mfano mzuri wa kueleza jambo hili ni visiwa vya Lamu. Huko samaki si kitoweo cha siku maalumu, ni chakula cha kila siku. Changu, tafi, kolekole, nguru, jodari, kamba na pweza huingia mjini wakiwa wabichi, wengine wakiuzwa katika soko lililo kando ya Ngome, wengine wakipelekwa nyumbani moja kwa moja kutoka mashuani. Hewa ni ya joto na unyevu karibu mwaka mzima. Majumba ya Mji wa Kale, ule ulioorodheshwa na UNESCO mnamo 2001 kuwa urithi wa dunia, yamesongamana, na katika nyumba nyingi za zamani jiko liko juu kabisa, kwenye kidari cha meko. Maji ya kuoshea hubidi yapandishwe huko, iwe ni kwa pampu au kwa ndoo. Mtu aliyepandisha ndoo ngazi tatu hawezi kulaumiwa sana akiyabana maji.

Na maji yenyewe yana hadithi yake. Maji matamu ya mji wa Lamu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambavyo huyapokea maji ya mvua na kuyahifadhi. Mbali na hayo, nyumba nyingi zina visima vyao, na katika mji uliobanana namna ile si ajabu kisima kuwa hatua chache tu kutoka shimo la choo. Maji ya kisima cha namna hiyo yanaweza kuonekana meupe na matulivu na bado yakawa na viini vya kuharisha. Isitoshe, visima vingine vina maji ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu ndani yake. Anayeosha ubao kwa maji hayo huona amesugua vya kutosha, ilhali mafuta ya samaki bado yameshikamana na mti.

Halafu kuna paka. Kila aliyefika Lamu anawajua. Paka hao hufanya kazi kubwa ya kupunguza panya na mabaki ya samaki, na hakuna anayewachukia kwa hilo, lakini ubao uliosahauliwa mezani kwa dakika kumi ukiwa na damu ya nguru utakuwa umerambwa kabla mwenyewe hajarudi.

Kiini kipendacho chumvi

Wapishi wengi wa pwani wakimaliza kuparua samaki huchukua ndimu iliyokatwa, wakaitia chumvi, wakasugua ubao mpaka shombo likatoka. Wengine husuuza samaki na ubao wake papo hapo ufukweni kwa maji ya bahari. Mila hii ya ndimu ni nzuri kwa kazi moja, nayo ni kuondoa harufu. Shombo la samaki hutokana na kemikali ambazo asidi ya ndimu huzituliza, na ndiyo sababu harufu hukatika upesi. Tatizo ni kwamba pua hairipoti viini. Ubao unaweza kunukia ndimu na bado ukawa na bakteria kwa maelfu katika mikato ya kisu.

Chumvi nayo haiwezi kutegemewa, hasa pwani. Mnamo 1950 huko Osaka, Japani, watu 272 waliugua baada ya kula dagaa waliopikwa na kukaushwa kidogo, na 20 kati yao wakafariki. Mwanasayansi Tsunesaburo Fujino alipochunguza chanzo aligundua bakteria ambao baadaye waliitwa Vibrio parahaemolyticus. Bakteria hawa ni ndugu wa wale wa kipindupindu, nao huishi katika maji ya bahari yenye joto bila mtu yeyote kuyachafua. Si suala la uchafu wa binadamu, ni wakazi wa kawaida wa bahari. Zaidi ya hayo, wanaihitaji chumvi ili wakue. Kuwasugua kwa chumvi kidogo au kuwaosha kwa maji ya bahari ni kama kuwakaribisha nyumbani kwao.

Jambo jingine la kutia wasiwasi ni kasi yao. Wakipata joto na chakula wanavyovipenda, wanaweza kuongezeka maradufu katika muda wa dakika 10 hivi. Msomaji anaweza kupiga hesabu mwenyewe. Mmoja akiwa wawili, wawili wakawa wanne, na kuendelea hivyo, baada ya saa mbili wamepita 4,000. Ubaoni hali haiwi nzuri kwao kama katika maabara, hivyo kasi hupungua, lakini ubao wenye unyevunyevu na mabaki ya samaki katika joto la Lamu si mahali pabaya kwa bakteria hata kidogo.

Habari njema ni kwamba wana udhaifu mwingi. Moto huwaua kwa urahisi. Maji matamu yanawadhuru. Ukavu unawamaliza. Ndiyo kusema, samaki aliyeiva hadi ndani hana neno, na ubao uliooshwa kwa maji matamu na sabuni kisha ukakauka kabisa hauna neno. Kinachobaki ni ule muda wa katikati.

Wasomaji wa Nairobi au Nakuru wasidhani kwamba haya hayawahusu kwa sababu bahari iko mbali nao. Kwao kuku ndiye anayehitaji tahadhari zaidi. Nyama ya kuku mbichi aghalabu huwa na bakteria wa salmonela au wa kampilobakta, na idadi ndogo tu ya hawa wa pili inatosha kumlaza mtu. Yafaa pia kuacha ile desturi ya kumsuuza kuku chini ya mfereji wenye nguvu, kwani matone huruka hadi kwenye ubao, vikombe na sahani zilizo karibu.

Kuosha kwanza, dawa baadaye

Watu wengi huchanganya mambo mawili ambayo ni tofauti. Kuosha ni kuondoa uchafu unaoonekana, yaani damu, mafuta, magamba na utelezi. Kuua viini ni kazi ya pili inayofuata. Ukiruka ya kwanza ukaenda moja kwa moja kwenye ya pili, umepoteza dawa yako. Klorini iliyomo katika dawa ya kung'arishia nguo hushambulia kila kitu kilichotoka kwa mnyama au mmea bila kuchagua. Ikikuta damu na utelezi wa samaki, itamalizia nguvu zake huko na viini vilivyojificha chini vitasalimika.

Anza basi kwa kukwangua mabaki kwa mgongo wa kisu. Kisha mwagia maji baridi. Wengi hushangaa kusikia hivyo, lakini maji ya moto yakimwagwa juu ya damu na utelezi huvigandisha, kama vile ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, navyo hushika kwenye nyuzi za mti. Baada ya maji baridi ndipo uje na maji ya moto na sabuni, usugue pande zote mbili pamoja na kingo na ile tundu ya kuning'inizia ambayo hakuna anayeikumbuka. Fuata mkondo wa nyuzi za mti, halafu sugua ukipita kwenye mikato. Suuza.

Cha kusugulia nacho kina maneno. Dodoki au sponji linalokaa majini chini ya sinki siku nzima huwa na viini vingi kuliko ubao wenyewe, na mtu anayelitumia anapaka badala ya kuosha. Kwa upande huu makumbi ya nazi ya mabibi zetu yalikuwa na hekima, kwani yalitumika na kutupwa, na kesho hupatikana mengine. Majivu pia hukata mafuta vizuri. Mchanga ndio wa kuuacha, kwa sababu huukwaruza ubao na kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya viini. Ukitumia brashi, iwe ya ubao peke yake na ianikwe juani.

Baada ya hapo ndipo dawa. Dawa ya kawaida yenye klorini, ile ambayo wengi huiita Jik hata kama chupa ina jina jingine, inatosha kabisa. Chagua isiyo na manukato na isiyo nzito. Zile zenye asilimia 3.5 hadi 5 ya klorini, kama ilivyoandikwa kwenye chupa, hutumiwa kijiko kimoja cha chai kwa lita moja ya maji. Msomaji asiongeze kwa kudhani kwamba kali ndiyo bora. Mimina mchanganyiko huo juu ya ubao uliokwisha oshwa, uuache ukiwa umelowa kwa dakika 5, kisha usuuze kwa maji safi ya kunywa na uuache ukauke. Kisu kifanyiwe vivyo hivyo, ila kisilale katika dawa kwa muda mrefu maana klorini hula chuma.

Mchanganyiko wa jana usiutumie leo. Klorini hupotea, hasa katika joto na mwanga wa jua, na hata chupa yenyewe ikikaa dirishani kwa miezi hudhoofika. Iweke kivulini na uangalie tarehe yake.

Hapa lazima tusisitize jambo moja kwa wapishi wa pwani. Usitie ndimu, limau wala siki kwenye Jik. Usimwage Jik juu ya ubao ambao umetoka kusuguliwa kwa ndimu kabla ya kuusuuza kwa maji mengi. Asidi ikikutana na dawa hiyo hutoa gesi ya klorini ambayo huchoma macho, koo na mapafu, na katika jiko dogo lisilopitisha hewa inaweza kumzidi mtu nguvu. Mwenye pumu huathirika upesi zaidi. Vile vile usiichanganye na dawa nyingine za kusafishia, hasa zenye amonia. Ukipenda ndimu kwa ajili ya shombo, itumie kwanza, suuza vizuri, osha kwa sabuni, suuza tena, halafu ndipo dawa ifuate.

Asiye na Jik asikate tamaa. Maji yanayochemka, yakimwagwa polepole juu ya ubao uliokwisha oshwa kwa sabuni, huua viini vingi mno. Ubaya wake ni kwamba mti ukizoeshwa hivyo kila siku hupasuka, na plastiki nyepesi hupinda. Kwa siku ulizokata kuku au samaki mbichi, ni bei ndogo ya kulipa. Maji ya kisima usichokiamini yachemshwe kwanza hata kama ni ya kusuuzia tu, la sivyo utakuwa umesafisha ubao na kuurudishia uchafu kwa mkono wa pili.

Mti au plastiki?

Swali hili huulizwa mara nyingi, na kwa miaka mingi jibu lililotolewa lilikuwa moja, kwamba plastiki ni safi na mti ni mchafu. Watu wengi walitupa vibao vyao vya mti kwa sababu hiyo. Lakini mnamo 1994 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin nchini Marekani, Dean Cliver na wenzake, walichapisha matokeo yaliyowashangaza hata wao. Walikuwa wameanza kazi wakitafuta namna ya kuufanya mti uwe salama kama plastiki. Walipotia bakteria juu ya mbao za aina nyingi, waliona kwamba wengi wao hufyonzwa ndani ya mti, na baada ya muda mfupi ilikuwa vigumu kuwapata tena juu yake. Plastiki mpya ilisafishika vizuri. Ila plastiki iliyokwisha jaa mikato ya kisu ilikuwa ngumu kuisafisha kwa mkono, hasa ikiwa na mafuta ya kuku.

Wengine walijaribu baadaye na hawakukubaliana katika yote, na ushauri wa siku hizi ni kwamba vyote viwili vyafaa mradi vioshwe na kukaushwa. Kwa maoni yetu hilo ni jibu la busara. Nyumba yenye uwezo iwe na vibao viwili vyenye rangi au umbo tofauti, kimoja cha samaki na nyama, kingine cha mboga, matunda na mkate. Vya plastiki huuzwa kwa bei nafuu katika maduka mengi mjini.

Anayetaka wa mti achague mti mgumu wenye nyuzi zilizobanana. Lamu haina upungufu wa mafundi, na kipande cha mbambakofi au msaji kutoka karakana ya seremala hutoa ubao mzuri wa miaka mingi. Lakini uliza kwanza mti huo umetoka wapi. Vipande vya mashua ya zamani, ambavyo hupatikana kwa urahisi Matondoni na kwingineko kunakoundwa na kutengenezwa vyombo vya baharini, vinapendeza kwa macho na havifai kwa chakula. Vimepakwa sifa, shahamu na rangi kwa miaka mingi. Mbao zilizotiwa dawa ya mchwa hazifai kabisa, na plaiwudi hufunguka tabaka zake kwa maji na kuficha uchafu katikati.

Ubao wa mti ukijaa mikato si lazima utupwe. Mpelekee fundi aupige randa pande zote mbili, kisha msasa, nao utarudi kama mpya. Ule wa plastiki ukifika hali hiyo hauna dawa, ununue mwingine. Na ukiona ubao una ufa unaopita hadi upande wa pili, au madoa meusi ya ukungu yasiyotoka kwa kusugua, utumie kuegemezea mlango.

Mwenye ubao mmoja tu

Tunajua kwamba nyumba nyingi zina ubao mmoja na zitaendelea kuwa na mmoja. Kwao njia rahisi kuliko zote haigharimu hata senti, nayo ni kubadilisha mpangilio wa kazi. Kata kachumbari na matunda kwanza, uviweke kwenye bakuli lenye kifuniko, kisha ndipo umlete samaki au kuku. Viini haviwezi kurudi nyuma kwenye bakuli ambalo limekwisha funikwa. Osha mikono kwa sabuni baada ya kushika nyama mbichi na kabla ya kugusa kitu kingine, na kisu kisisahaulike, maana kinabeba kile kile kilichobebwa na ubao.

Wengine hutumia upande mmoja kwa samaki na kuugeuza kwa mboga. Njia hii hatuipendekezi. Majimaji hutiririka chini ya ubao, na meza yenyewe huchafuka, hivyo ule upande ulio safi huwa si safi tena unapougeuza. Wengine hutandika gazeti juu ya ubao ili magamba yasitapakae. Litandikwe chini ya ubao, si juu yake, kwani wino haukutengenezwa uliwe, hata wa gazeti hili.

Ni ajabu kwamba desturi ya zamani ya pwani ilikuwa imekwisha tatua sehemu ya tatizo hili bila kulitaja. Wapishi wengi wa Kiswahili hawakukata kitunguu ubaoni kamwe. Walikikata mkononi juu ya bakuli, vipande vyembamba kama karatasi, na mpaka leo wako wanaofanya hivyo kwa ustadi unaowatisha wageni. Samaki alikuwa na mahali pake na kitunguu kilikuwa na pake. Vibao vya dukani vilipoingia jikoni, vyote viwili vilikutana.

Wakati wa shughuli kubwa ndipo mambo huharibika zaidi. Harusi, hitima, au wiki ya Maulidi ambapo mji wa Lamu hupokea wageni wengi kutoka sehemu mbalimbali za pwani na nje yake, wapishi huwa wengi na vibao huazimwa kutoka nyumba kwa nyumba. Nyama ya biriani na nyanya za kachumbari hukatwa na watu tofauti kwa vibao vile vile, na hakuna anayejua nani alitumia kipi. Msimamizi wa upishi anaweza kuepusha balaa kwa kutenga watu na vibao vya kachumbari kando kabisa, mbali na wale wa nyama, na kuvitia alama kwa makaa au kwa kamba. Kachumbari ikatwe mwisho karibu na wakati wa kula badala ya kukaa kwa saa nyingi katika joto.

Kukausha

Sehemu hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Viini vinahitaji maji ili viishi na kuzaana. Ubao ulioshwa vizuri ukalazwa chali mezani ukiwa umelowa, au ukasukumwa nyuma ya masufuria, utakuwa na viini tena ifikapo asubuhi. Usimamishe wima ili hewa ipite pande zote. Usiupanguse kwa kile kitambaa kinachopangusa kila kitu.

Jua la pwani ni msaada mkubwa. Hukausha haraka, na mwanga wake wenyewe hudhuru viini vilivyo juu. Lakini haliingii ndani ya mikato, kwa hivyo jua lifuate sabuni na lisichukue nafasi yake. Ukiuanika darini, uutundike kwenye msumari mahali ambapo nzi, vumbi na wale paka hawaufikii kwa urahisi.

Yapo pia mambo ambayo hakuna usafi wa ubao utakaoyazuia. Jodari, nguru na samaki wa jamii hiyo wakikaa juani kabla ya kupikwa hutengeneza sumu ya histamini ambayo haifi kwa moto wala kwa sabuni. Anayewala hupata wekundu usoni, maumivu ya kichwa, mwasho na kichefuchefu muda mfupi baada ya kula, naye hudhani ana mzio wa samaki. Dawa ya hilo ni barafu tangu mashuani. Na mwenye ugonjwa wa ini au wa kisukari awe mwangalifu zaidi akichomwa na mwiba wa samaki wakati wa kuparua, kwa vile baadhi ya bakteria wa baharini huingia kwa njia ya kidonda. Kidonda kikivimba na kuwa chekundu upesi, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Ikitokea mtu ameugua tumbo, kuharisha kwa maji kunakosababishwa na bakteria wa samaki tuliowataja huanza kwa kawaida ndani ya saa 24 na huisha baada ya siku tatu hivi. Kinachoua ni kukaukiwa maji mwilini. Mpe mgonjwa ORS kutoka duka la dawa au zahanati. Ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, ukoroge mpaka viyeyuke, na umnyweshe kidogo kidogo. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Dawa za kufunga tumbo asipewe mtoto, na antibiotiki zisinunuliwe bila ushauri wa daktari.

Usingoje nyumbani ukiona damu kwenye choo, homa kali, kutapika kusikokoma, macho yaliyoingia ndani, mkojo uliopungua sana, au mtoto aliyelegea na asiyetaka kunywa. Kwa walio kisiwani Lamu, Hospitali ya King Fahd ipo mjini. Walio Pate, Faza, Kizingitini au Kiunga waanze na kituo cha afya kilicho karibu na wasingoje boti ya kesho, huku mgonjwa akiendelea kunyweshwa yale maji ya sukari na chumvi njia nzima.